Kiti cha Zamu: Komoro na Swali la Kivu

Tangu Goma iingie mikononi mwa kundi lenye silaha la AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, neno shirikisho limerudi vinywani mwa watu wa Kivu. Wapo wanaoliogopa, wakisema ni mlango wa kuigawa nchi. Wapo wanaolikimbilia, wakiamini kwamba jimbo likijitawala, shida za miaka thelathini zitapata dawa. Mabishano yakipamba moto, mifano inayoletwa ni ya mbali: Ubelgiji, Uswisi, Marekani, mara mojamoja Nigeria. Komoro ni nadra kutajwa, na hiyo ni hasara kwetu. Wakomoro wako karibu nasi kuliko hao wote. Lugha yao ni ndugu wa Kiswahili, mkoloni aliwaachia Kifaransa ofisini kama alivyotuachia sisi, na historia yao imejaa mapinduzi, mamluki na sehemu za nchi zilizotaka kujitenga. Tena walithubutu jambo ambalo sisi hatujalithubutu: waliandika katika katiba kwamba urais utazunguka kwa zamu, leo kisiwa hiki, kesho kisiwa kile.

Zamu hiyo ilifanya kazi gani, na kwa nini ilivunjika? Jibu langu nalisema mapema ili msomaji alipime njiani. Zamu iliiokoa Komoro isipasuke vipande. Iliyoiua ni njaa ya madaraka ya mtu mmoja, lakini njaa ya namna hiyo iko kila mahali. Kilichoifungulia mlango ni kwamba mwamuzi wa zamu alikuwa mtu wa kuondoshwa kwa sahihi ya yule yule aliyekalia kiti.

Tuanze na ukubwa wa mahali penyewe. Sensa ya 2017 ilihesabu watu wapatao 758,000 katika visiwa vitatu vinavyounda Muungano wa Komoro. Goma peke yake ina watu wengi kuliko hao. Ngazija, penye mji mkuu Moroni, ina nusu ya watu wote. Anzuani, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Anjouan, ina watu wapatao 327,000 waliobanana kwenye kilomita za mraba 424, na mtu wa Masisi hahitaji kuelezwa maana ya shamba la babu kugawanywa hadi likaisha. Mwali ina watu zaidi kidogo ya 50,000 kwenye kilomita za mraba 211. Kisiwa chetu cha Idjwi, hapo katikati ya Ziwa Kivu, kinaizidi Mwali kwa eneo, na watu wake ni mara kadhaa ya wale. Mwali imeshatoa rais wa nchi. Idjwi ni teritwari moja ya Kivu Kusini, yenye tawala mbili za mwami, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, na jambo lolote kubwa linalowahusu Waidjwi huamuliwa Bukavu au Kinshasa. Siandiki haya kuwatia watu wa Idjwi kiburi cha kutaka bendera. Naandika kwa sababu sauti ya mahali padogo haipimwi kwa idadi ya vichwa. Hupimwa kwa kanuni ambazo watu wamekubali kuandikiana.

Kisiwa cha nne, Maore, ndicho kivuli kinachowafuata Wakomoro hadi leo. Katika kura ya maoni ya Desemba 1974 wananchi wengi mno wa visiwa vyote kwa jumla walitaka uhuru, lakini wengi wa Maore walitaka kubaki na Ufaransa. Kiongozi wa visiwa, Ahmed Abdallah, alitangaza uhuru peke yake tarehe 6 Julai 1975, na Ufaransa ikakishika kile kisiwa kimoja. Mwaka 2011 Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Kwa hiyo Mkomoro wa Anzuani akisimama ufukweni usiku huiona nchi nyingine yenye hospitali, mishahara na faranga zilizogeuka yuro, na tangu Januari 1995 haruhusiwi kuvuka bila viza. Maelfu wamekufa maji wakivuka kwa mashua ndogo ziitwazo kwasa-kwasa. Hakuna mfumo wa siasa wa Komoro unaoeleweka bila kukumbuka kwamba jirani huyo yupo.

Miaka ya mwanzo ya uhuru naipitia kwa haraka. Abdallah aliangushwa kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Ali Soilih akaja na mapinduzi ya vijana, akachoma nyaraka za serikali na kupiga vita gharama za harusi kubwa ya Ngazija. Mei 1978 Bob Denard alitua na mamluki wake, Soilih akauawa, Abdallah akarudishwa. Abdallah naye aliuawa Novemba 1989 katika ikulu iliyolindwa na watu wa Denard. Sisi wa Kivu tunalijua kundi hilo. Mwaka 1967 Denard alijeruhiwa Kisangani katika uasi ule ule wa mamluki ambamo Jean Schramme aliishika Bukavu kuanzia Agosti hadi Novemba, akaiacha ikiwa magofu. Waliotuchomea Bukavu na waliopindua serikali Moroni walitoka shule moja. Nayataja haya kwa sababu nchi ambayo majeshi ya kukodi yameikalia huwa haina imani na mtu yeyote anayeshika bunduki kwa jina la dola, na katiba yoyote itakayokuja baadaye lazima ianze kwa kujibu hofu hiyo.

Mwaka wa kuangalia kwa makini ni 1997. Tangu katiba ya 1978 Komoro ilijiita jamhuri ya shirikisho, lakini shirikisho hilo lilikuwa la karatasini. Magavana wa visiwa waliteuliwa na rais, fedha za forodha ziliingia Moroni, na mishahara ya watumishi wa Anzuani ilikaa miezi bila kulipwa. Mwalimu wa Mutsamudu, mji mkuu wa Anzuani, alifundisha bila mshahara huku akijua kwamba ng'ambo, Maore, kuna mishahara. Tarehe 3 Agosti 1997 Anzuani ilitangaza kujitenga, na siku chache baadaye Mwali ikafuata. Watu wa Anzuani walipandisha bendera ya Ufaransa na kuomba watawaliwe tena na mkoloni. Ufaransa ikakataa. Rais Mohamed Taki alipeleka wanajeshi Septemba, wakashindwa na kurudishwa kwa aibu.

Wakongo wengi, nikiwemo mimi, tulifundishwa kuangalia kujitenga kama ugonjwa wa wasaliti, kuanzia Katanga ya Tshombe mwaka 1960. Kisa cha Anzuani kinataka tulitazame jambo hilo tena. Watu hawakuomba mkoloni arudi kwa sababu walimpenda. Waliomba kwa sababu dola yao wenyewe iliwafikia kwa sura ya kodi na askari tu. Ukitaka kujua kama mfumo wa nchi unafaa, usiulize katiba inasema nini kuhusu umoja. Uliza mwalimu wa pembezoni amelipwa lini.

Umoja wa Afrika, wakati huo ukiitwa OAU, uliingia kati. Aprili 1999 wajumbe walikutana Antananarivo, wakakubaliana juu ya kuvipa visiwa mamlaka makubwa, lakini ujumbe wa Anzuani haukutia sahihi. Habari ilipofika Moroni, vijana waliwawinda watu wa Anzuani mitaani na kuwafukuza mjini. Tarehe 30 Aprili mkuu wa jeshi, Kanali Azali Assoumani, alitwaa serikali akisema anaokoa nchi. Ndipo wakarudi mezani, safari hii Fomboni, mji mkuu wa Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote. Mkataba wa Fomboni ulisainiwa tarehe 17 Februari 2001, na katiba iliyotokana nao ikapitishwa kwa kura ya maoni tarehe 23 Desemba mwaka huo.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Rais wa Muungano anatoka kisiwa kimoja kwa muhula wa miaka minne. Uchaguzi una hatua mbili. Kwanza wapiga kura wa kisiwa chenye zamu peke yao huchuja wagombea, ambao wote ni wa kisiwa hicho, na watatu wa juu husonga mbele. Kisha nchi nzima huchagua mmoja kati ya hao watatu. Rais anakuwa na makamu kutoka visiwa vingine. Kila kisiwa kina rais wake, baraza lake na sheria yake ya msingi. Mahakama ya Katiba nayo iliundwa kwa mgawanyo: rais wa Muungano, makamu wake, spika na marais wa visiwa, kila mmoja aliteua mjumbe.

Kuna hekima kubwa ndani ya hatua zile mbili. Mgombea lazima kwanza ajulikane kwao, kisha akubaliwe na wasio wa kwao. Mkorofi anayewachukia watu wa visiwa vingine anaweza kushinda mchujo nyumbani, lakini atakwama mbele ya nchi nzima. Kibaraka anayependwa na Moroni na kukataliwa kwao hafiki hata kwenye karatasi ya kura. Ngazija yenye watu wengi haiwezi kumweka mtu wake kila mara kwa wingi wa kura tu. Nikilinganisha na uchaguzi wetu, ambamo mgombea anaweza kuwa rais bila kupata kitu katika majimbo mazima, naona Wakomoro walifikiria mbali.

Walakini mfumo huo ulizaa vurugu yake tangu siku ya kwanza. Mwaka 2002 Azali alivua magwanda na kuchaguliwa rais wa Muungano, zamu ya Ngazija. Wakati huo huo Abdou Soulé Elbak alichaguliwa rais wa kisiwa cha Ngazija. Wote wawili waliketi Moroni. Katiba ilikuwa imeacha kwa sheria za baadaye swali la nani anakusanya nini, na sheria hizo hazikuwepo. Mfanyabiashara aliyeingiza mchele bandarini alijikuta na serikali mbili zinazodai ushuru mmoja. Akimlipa huyu, yule anamtishia kufunga duka. Wengine waliacha kulipa kabisa. Ilibidi wapatanishi warudi tena, na makubaliano ya mpito yakapatikana Desemba 2003.

Mfanyabiashara wa Goma anayesoma habari hii hana haja ya ramani. Benki za mji wetu zilifunga milango Januari 2025. Bidhaa inayoingia mjini hutozwa na utawala ulioko hapa, wakati Kinshasa inasema kodi hiyo haitambuliwi na kwamba sheria ya jamhuri inabaki pale pale. Anayebeba mzigo wa serikali mbili ni mwenye duka, na baada yake mama anayenunua kilo ya unga sokoni Virunga au Birere. Komoro walifika hapo bila vita, kwa uzembe wa kuandika tu. Waligawana vyeo kwa mistari iliyonyooka na kuziachia fedha aya zenye ukungu.

Pamoja na hayo, mwaka 2006 jambo kubwa lilitokea. Zamu ilikuwa ya Anzuani. Wapiga kura wa kisiwa hicho, ambacho miaka tisa nyuma kilitaka kuondoka kabisa, walichuja wagombea wao Aprili, na Mei nchi nzima ikamchagua Ahmed Abdallah Mohamed Sambi kwa asilimia 58. Tarehe 26 Mei Azali alimkabidhi madaraka. Kwa nchi iliyozoea marais kuuawa, kupinduliwa au kupakiwa kwenye ndege, ilikuwa mara ya kwanza rais mmoja kumpa mwenzake kiti kwa amani. Anzuani haikuwa na sababu tena ya kuondoka kwenye nyumba ambayo mtoto wake ndiye mkuu wake. Hili ndilo tunda la Fomboni, na wanaolidharau wasome tena habari za 1997.

Mtihani wa bunduki ulikuja mara moja. Mohamed Bacar, rais wa kisiwa cha Anzuani, alijifanyia uchaguzi Juni 2007 dhidi ya amri ya Muungano na ya Umoja wa Afrika, akakataa kuondoka. Mazungumzo yaliposhindikana, tarehe 25 Machi 2008 majeshi ya Tanzania na Sudan, pamoja na jeshi la Komoro, yalitua Anzuani na kumtoa. Bacar akakimbilia Maore. Naona watu husahau kwamba mfumo wa zamu haukujisimamia wenyewe. Ulisimama kwa sababu nje palikuwa na wadhamini waliosaini Fomboni na waliokuwa tayari kupeleka watoto wao kuulinda.

Mtihani wa pili, wa 2010, ndio ninaouthamini kuliko yote, na hauzungumzwi sana. Kura ya maoni ya Mei 2009 ilikuwa imewashusha marais wa visiwa kuwa magavana na kuongeza muhula kuwa miaka mitano. Sambi alitaka kutumia mabadiliko hayo kubaki. Machi 2010 kikao cha wabunge na madiwani wa visiwa kikasogeza uchaguzi hadi Novemba 2011. Mwali, ambayo zamu yake ilikuwa imefika, iliwaka. Watu waliandamana Fomboni, na kisiwa hicho kidogo kikaishika nchi nzima koo kwa hoja moja: zamu yetu imeandikwa. Mei 2010 Mahakama ya Katiba ilibatilisha uamuzi wa kile kikao. Wajumbe wake hawakuwa watu wa mtu mmoja, kwa kuwa visiwa vilikuwa na mkono katika kuwateua. Pakapatikana maafikiano, uchaguzi ukafanyika mwishoni mwa mwaka huo, na Ikililou Dhoinine, mfamasia wa Mwali, akaapishwa tarehe 26 Mei 2011. Mwali ilicheleweshewa mwaka mmoja, lakini haikunyimwa.

Lakini tazama pia Ikililou alipita vipi. Alikuwa makamu wa Sambi na mgombea wa Sambi. Kiti kilihama kisiwa, mkono uliokishika haukuhama. Mwaka 2016 zamu iliporudi Ngazija, udhaifu huo ulionekana mchana kweupe. Katika mchujo wa Februari, uliokuwa na wagombea 25, Azali alishika nafasi ya tatu tu nyumbani kwake, akiwa na takriban asilimia 15. Kwa kanuni ya watatu wa juu, aliingia hatua ya pili. Chama cha Sambi kikamuunga mkono, na akashinda kwa asilimia 41 dhidi ya 40 za mpinzani wake, baada ya kura za baadhi ya vituo vya Anzuani kurudiwa. Mtu ambaye kwao walimpa nafasi ya tatu akawa rais kwa kura alizotafutiwa na mwanasiasa wa kisiwa kingine. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ila kanuni iliyotungwa ili kila kisiwa kijichagulie mtu wake ilikuwa imegeuzwa kufanya kazi nyingine.

Kilichofuata kilikwenda kwa kasi. Aprili 2018 Azali alisimamisha Mahakama ya Katiba na kazi zake zikahamishiwa Mahakama Kuu. Mei, Sambi aliwekwa kizuizini nyumbani kwake. Julai 30 ikapigwa kura ya maoni ambayo wapinzani waliisusia, na matokeo rasmi yakawa asilimia 92 za ndiyo. Katiba mpya iliruhusu rais kukaa mihula miwili mfululizo ya miaka mitano kabla zamu haijahama, na ikawaondoa makamu kutoka visiwa vingine. Oktoba vijana wenye silaha walijifungia katika mji wa kale wa Mutsamudu na kupambana na jeshi kwa siku kadhaa. Watu waliuawa, na gavana wa Anzuani akakamatwa. Safari hii hakuna meli ya Umoja wa Afrika iliyotia nanga kuulizia Fomboni. Novemba 2022 Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uuzaji wa pasipoti za Komoro kwa watu wasio na uraia wa nchi za Ghuba. Kashfa ya pasipoti ilikuwa ya kweli na nchi ilipoteza fedha nyingi. Lakini aliyefungwa ni mtu pekee mwenye nguvu za kuidai zamu ya Anzuani, na hilo haliwezi kuachwa bila kutajwa.

Kuona jinsi mwamuzi alivyokwisha, chukua siku moja, tarehe 14 Januari 2024. Wapiga kura walipewa siku hiyo karatasi ya kura ya rais na karatasi ya kura ya gavana. Tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Azali ameshinda kwa asilimia karibu 63, na kwamba waliojitokeza kumchagua rais walikuwa asilimia 16. Kwa kura ya magavana, siku ile ile na vituo vile vile, waliojitokeza walitangazwa kuwa zaidi ya asilimia 60. Moroni ikalipuka kwa ghasia. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasahihisha: Azali asilimia 57, waliojitokeza asilimia 56. Mahakama iliyoundwa kwa mikono ya visiwa vyote ingekuwa na la kueleza juu ya tofauti ya namna hiyo. Hii haikueleza. Julai mwaka huo mtoto wa rais, Nour El-Fath, akapewa cheo cha kuratibu kazi za serikali nzima.

Kwa kanuni iliyokuwepo kabla ya 2018, Anzuani ingeshika kiti mwaka 2021. Kwa kanuni ya 2018 itangoja hadi 2029, na kama mtu wake atakaa mihula miwili, Mwali itarudi ikulu mwaka 2039. Mtoto aliyezaliwa Fomboni siku Ikililou alipoondoka atakuwa na miaka 23. Zamu ya namna hiyo ipo kisheria, lakini hakuna kijana atakayekubali kuambiwa asubiri kwa ajili yake.

Visiwani Zanzibar walichagua njia nyingine ya kutibu donda linalofanana. Jamhuri ya Watu wa Zanzibar ilidumu miezi mitatu na nusu tu, kuanzia Mapinduzi ya Januari 1964 hadi Muungano na Tanganyika Aprili 26, lakini mpasuko wa Unguja na Pemba uliendelea kwa miongo. Maridhiano ya Rais Amani Karume na mpinzani wake Maalim Seif Sharif Hamad mwaka 2009 yalizaa kura ya maoni ya Julai 2010, ambapo asilimia 66 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa: chama cha pili kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais na mawaziri. Hawakuzungusha kiti, walikaa pamoja mezani. Nao walikwama pale pale walipokwama Wakomoro. Oktoba 2015 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alifuta uchaguzi mzima kwa tangazo lake, na serikali ya pamoja ikafa hadi ilipofufuliwa baada ya uchaguzi wa 2020. Njia mbili tofauti, na zote zilivunjikia mikononi mwa mwamuzi.

Sasa turudi kwetu. Kongo si mgeni wa kugawana madaraka. Katiba ya Luluabourg ya 1964 iliyapa majimbo mamlaka makubwa, na Mobutu akaizika mwaka uliofuata. Kuanzia 2003 hadi 2006 tulikuwa na rais mmoja na makamu wanne, kila kundi lenye silaha na kiti chake, na wananchi wanakumbuka jinsi wizara zilivyogeuka mali ya makundi. Katiba ya 2006 ikaleta kitu bora zaidi kuliko viti: kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 za mapato ya kitaifa ni za majimbo, na kwamba zikatwe pale pale zinapokusanywa. Hadi leo kifungu hicho hakijatekelezwa kama kilivyoandikwa. Magavana wamekuwa wakipanda ndege kwenda Kinshasa kuomba kile ambacho katiba inasema ni chao.

Kisha vipande vingine vikaanza kupunguzwa. Januari 2011 katiba ilibadilishwa, rais akapewa uwezo wa kuvunja bunge la jimbo na kumwondoa gavana, na duru ya pili ya uchaguzi wa rais ikafutwa. Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, bunge la jimbo likasimamishwa, na gavana mwenye magwanda akaletwa kwa muda ambao uliongezwa tena na tena. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda tume ya kuandaa katiba mpya. Na tangu 2025 Goma ina gavana aliyewekwa na AFC/M23, ambaye hakupigiwa kura na mtu yeyote wa jimbo hili. Anayesema tunapigania shirikisho na anayesema tunalinda umoja wote wamekutana hapo: mkazi wa Goma hajaulizwa.

Wapo wanaoniambia kwamba dawa ya Kivu ni rais kutoka Mashariki. Nawaelewa, lakini kisa cha Ngazija cha 2016 kinawajibu. Mtu wa kwenu akipelekwa ikulu na mikono ya wengine, atawatumikia waliompeleka. Na wapo wanaosema jimbo likiwa na serikali yake, mambo yatanyooka. Hao wajibiwe na bandari ya Moroni ya 2003.

Kwa hiyo haya ni maombi yangu kwa wote wanaokaa mezani kwa jina letu, iwe Doha, Kinshasa au kwingine. Msianze na vyeo. Andikeni kwanza nani atawateua majaji wa Mahakama ya Katiba, na mhakikishe majimbo yana mkono katika uteuzi huo na kwamba hakuna sahihi moja inayoweza kuwaondoa. Andikeni ushuru wa mipaka ya Goma na Bunagana unaingia akaunti ipi, jimbo linakata asilimia ngapi, siku gani, na nani anashtakiwa usipofika. Andikeni nani mdhamini, na mdhamini huyo afanye nini siku makubaliano yatakapovunjwa, sio yatakapotiwa sahihi. Kisha yaleteni maandishi hayo Kivu, kwa lugha tunayoisoma, tuyapigie kura sisi wenyewe kabla hayajawa sheria.